Kutu Chini ya Rangi: Safari ya Migori na Homa Bay

Migori na Homa Bay ni miji miwili iliyokuwa zamani ndani ya wilaya moja, South Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Leo kila mmoja una kaunti yake. Migori umekaa kwenye barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Homa Bay umeteremkia ufukoni mwa Ziwa Victoria, chini ya kilima cha Asego. Kati yao ipo Awendo yenye kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa, kisha Rongo, ambapo njia ya ziwani huachana na barabara kuu. Mtu wa pwani afikapo huko huona kijani, mvua na maji matamu, akadhani kwamba kutu, ule ugonjwa wa magari ya Mombasa, Malindi na Lamu, haina makao bara.

Dhana hiyo haisimami. Chuma huliwa na maji yakikutana na hewa; chumvi huharakisha tu kazi iliyokwisha anza. Katika nchi ya Migori mvua za masika na za vuli hulowesha udongo, udongo hurushwa na magurudumu, ukajishindilia ndani ya madigadi na chini ya vizingiti vya milango. Juu unakauka, ndani unabaki na unyevu siku nyingi. Zaidi ya hayo, magari mengi tununuayo yametumika kwanza Japani, kwani sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi miaka 8. Baadhi yake yametembea katika miji ya kaskazini, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji. Hayo huweza kufika bandari ya Kilindini yakiwa na kutu tayari.

Pale Migori tulifuatana na wenyeji wetu, mume na mkewe, hadi kwa mafundi wa jua kali. Walikuwa na gari la kupeleka watoto shuleni na madrasa, ambalo lilikuwa limetengenezwa na kupakwa rangi kabla ya mvua. Mvua zilipomalizika, rangi ilikuwa imefura malengelenge chini ya milango. Fundi, kijana mpole wa maneno machache, alibonyeza lengelenge moja kwa bisibisi, ikazama. Akafunua zulia la ndani. Bati la sakafu, mahali panapofungiwa mkanda wa kiti cha nyuma, lilikuwa limelika likawa kama karatasi.

Mama yule akauliza swali ambalo kila mwenye gari huuliza: "Fundi, ukitengeneza, itakaa muda gani?"

"Mama," akajibu, "inategemea unataka nitengeneze nini. Rangi au bati?"

Akaeleza, nasi twaliandika hapa kwa faida ya wasomaji. Njia ya kwanza ni kukwangua juu juu, kujaza pati na kupaka rangi. Kazi hiyo hupendeza siku ya kwanza, lakini kutu iliyobaki chini huendelea kula, na kwa kuwa hutanuka kuliko chuma ilichokila, huisukuma pati na rangi mpaka zikapasuka. Haitegemewi kupita msimu mmoja au miwili ya mvua. Njia ya pili ni kusugua kwa msasa na mashine mpaka chuma king'ae, kisha kupaka praima na rangi. Palipokuwa na kutu ya juu tu, hapo hutarajiwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Njia ya tatu, kwa bati lililotoboka, ni kukata sehemu yote iliyoliwa, kuchomelea bati jipya, na kukinga upande wa ndani kwa mafuta mazito au nta. Hiyo huweza kukaa miaka mitano na kuendelea. Wengi husahau huo upande wa ndani. Moto wa kuchomelea huunguza kinga ya bati, na kiungo kisichokingwa nyuma huanza kutu pale pale.

Fedha yao haikutosha kwa kazi yote. Mume akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ingefaa kupaka rangi tu, gari liuzwe. Mkewe akamtazama, akasema, "Na atakayelinunua, Baba Yusra, hana watoto?" Mume akanyamaza, kisha akamwambia fundi akate sakafu na vizingiti, rangi ya nje ingojee. Siku ya tatu gari lilitoka likiwa na mabaka ya praima ya kijivu ubavuni, na mkanda wa kiti umefungwa kwenye bati jipya.

Sisi tuliosoma vitabu vya fiqhi twajua kwamba aibu ya bidhaa haifichwi. Muuzaji ni wajibu aibainishe, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini ya ukavu, alimkemea mwenye nafaka kwa kutouweka wazi. Pati juu ya kutu, katika gari linalopelekwa sokoni, ni lundo lile lile.

Homa Bay tulikuta hali yake nyingine. Magari yanayobeba samaki hupokea maji ya barafu inayoyeyuka, yakatuama sakafuni kila siku, hata bati jipya likashindwa upesi. Fundi wa pale alituonyesha matundu madogo chini ya milango, yaliyowekwa ili maji yatoke, akayazibua kwa waya. Uchafu mweusi ukamwagika, na maji nyuma yake. Alisema kuyazibua hakugharimu kitu, na kwamba magari mengi huletwa kwake yakiwa yameziba.

Kwetu pwani hewa yenyewe ina chumvi, basi miaka hiyo iliyotajwa na ipunguzwe. Gari na lioshwe kwa maji matamu, na chini yake pia, hasa baada ya kwenda ufukoni. Matundu yazibuliwe. Lengelenge likionekana, lishughulikiwe lingali dogo. Nanyi kina mama, ambao aghalabu ndio mnaopanda nyuma pamoja na watoto, msione haya kumwomba mwenye gari afunue zulia, wala kumuuliza fundi, kabla ya kumlipa, atafanya nini na upande usioonekana.

Mwenyezi Mungu ahifadhi safari zetu na atujaalie uaminifu katika kuuza na kununua. Amin.