Mzee wa pangoni aliyeutua mzigo wa Upapa

Treni inayotoka Roma kwenda Pescara hupenya katikati ya milima ya Abruzzo, na baada ya saa tatu hivi husimama Sulmona. Ni mji mdogo, lakini Italia nzima inaujua kwa lozi zilizopakwa sukari, zile ambazo wageni hugawiwa kwenye harusi na ubatizo. Madukani hufungwa kwa karatasi za rangi rangi na kupangwa kama maua. Mzazi mwenye watoto akipita hapo bila kufungua pochi, basi amefanya kazi kubwa.

Ukiinua macho kutoka mjini unauona mlima Morrone. Ubavuni mwake, juu ya ukuta wa mwamba, kuna nyumba ndogo ya mawe iliyong'ang'ania jabali kama kiota cha mbayuwayu. Huko ndiko alikokuwa akiishi Pietro, mzee wa miaka themanini hivi, siku alipofuatwa mwaka 1294 na kuambiwa kuwa amechaguliwa kuwa Papa.

Njia ya kupanda ni ya ngazi na kokoto. Si safari ndefu kwa mwenye miguu mizuri, ila watoto watahitaji maji, kofia na mkono wa kushika. Juu kuna kikanisa kidogo chenye michoro ya zamani ukutani, vyumba vyembamba, na chini yake pango. Waumini huingia humo kusali, na wapo wanaolala juu ya mwamba wakiomba nafuu ya maumivu ya mwili.

Mtoto wa mama mjane

Pietro alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13 katika familia ya wakulima wa Molise, kusini mwa Abruzzo. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 12. Baba yao alifariki angali mdogo, akamwacha mama, Maria, na mzigo wa nyumba nzima.

Mzazi yeyote anaweza kupiga hesabu ya nyumba kama hiyo. Kila mikono miwili inahitajika shambani. Hata hivyo Maria alimwona kijana huyu ana mwelekeo wake, akampeleka kusoma. Ujanani Pietro akaingia monasteri ya Wabenedikto ya Faifoli. Hawa ni watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya sala na kazi, kanuni ileile ambayo wasomaji wa kusini mwa Tanzania wameiona ikiishiwa Peramiho tangu 1898 na Ndanda tangu 1906.

Lakini hata utulivu wa monasteri haukumtosha. Pietro alitaka upweke. Baada ya kupewa upadri mjini Roma, alikwenda kuishi pangoni kwenye mlima Morrone. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alishika Kwaresima nne, na tatu kati ya hizo alikula mkate na maji tu.

Kadiri alivyokimbia, ndivyo watu walivyomfuata

Habari za mkaapweke hazikai pangoni. Watu walianza kupanda mlima kuomba sala na ushauri, na vijana wakataka kuishi kama yeye. Baada ya miaka kama mitano, Pietro alihama na wenzake wawili kwenda milima ya Maiella, iliyo mirefu na baridi zaidi. Huko nako watu wakamfuata.

Hapo ndipo tabia yake inapoonekana vizuri. Pietro hakuwafukuza. Aliwapangia utaratibu, na mwaka 1263 Papa Urbano IV akaliingiza kundi lao katika familia ya Wabenedikto. Zilipokuja fununu kwamba mashirika mapya yangefutwa, mzee huyu wa pangoni alifunga safari hadi Lyon, Ufaransa, kwenda kuwatetea wenzake. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita elfu moja, na inaelezwa kuwa aliikata kwa miguu. Mwaka 1275 Papa Gregori X alilithibitisha shirika lao.

Pietro alikuwa abate, yaani baba wa watawa, hata katika Faifoli alikoanzia. Nyumba ziliongezeka, nyingi zikiwa Abruzzo. Chini ya Morrone ilijengwa monasteri kubwa ya Roho Mtakatifu, ambayo majengo yake yapo hadi leo. Jambo la kushangaza ni kwamba, baada ya watawa kuondolewa mwanzoni mwa karne ya 19, majengo hayo yalikuja kutumika kama gereza kwa miaka mingi.

Mwenyewe, kila alipopata nafasi, alikabidhi uongozi kwa mwingine na kurudi juu. Mwaka 1293 alihamia kwenye nyumba ile ya jabalini, akitumaini kumalizia hapo siku zake.

Barua iliyomrudia

Papa Nikolasi IV alifariki Aprili 1292. Makardinali hawakuwa wengi, lakini walishindwa kuelewana kwa miaka miwili na zaidi. Pietro aliwaandikia kuwaonya kwamba Mungu hatafurahishwa na ucheleweshaji huo. Barua ilipofika Perugia, walikokutana, ikawapa jibu ambalo mwandishi wake hakulitaka: Julai 5, 1294 walimchagua yeye.

Wajumbe walipanda njia ileile ya kokoto. Walimkuta mzee aliyekonda kwa kufunga, na wao, wakubwa wa Kanisa, wakapiga magoti mbele yake. Alijaribu kukataa, lakini mwishowe alikubali. Aliingia mji wa L'Aquila amepanda punda, na waliomshikia hatamu walikuwa Mfalme Charles II wa Napoli na mwanawe. Agosti 29 aliwekwa wakfu katika kanisa la Collemaggio, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameanzisha ujenzi wake miaka michache nyuma. Akachukua jina la Celestino V.

Aliyekuwa ameongoza watawa kwa upole sasa alizungukwa na wanasiasa. Mfalme alimchukua kwenda kuishi Napoli, na mambo mengi yakaenda alivyotaka mfalme. Kilatini cha barua za kiofisi kilimpa taabu. Ilitokea cheo kimoja kupewa watu zaidi ya mmoja, kwa sababu mzee hakujua kumnyima mtu. Ndani ya ngome ya mfalme alijengewa chumba kidogo cha mbao, mfano wa pango lake, akajifungia humo kusali.

Desemba 13

Kujificha hakukuondoa tatizo. Barua zilingoja na watu waliumia kwa maamuzi yasiyofaa. Celestino aliuliza wataalamu wa sheria za Kanisa kama Papa anaweza kujiuzulu, akajibiwa kwamba anaweza.

Desemba 13, 1294 aliwaita makardinali na kuwasomea uamuzi wake. Alitaja udhaifu wa mwili, upungufu wa elimu na hamu ya kurudi kwenye maisha yake ya zamani. Akavua pete na mavazi ya Upapa mbele yao. Alikuwa amekaa madarakani miezi mitano na siku nane.

Wengine walimwita mwoga. Wasomaji wengi wa mshairi Dante wanaamini kuwa ndiye mtu asiyetajwa jina anayelaumiwa katika shairi lake kwa kukataa jukumu kubwa. Petrarca, mwandishi aliyefuata, aliona kinyume: kwake ilikuwa alama ya moyo ulio huru.

Tena, kuondoka hakukumpa amani aliyoitafuta. Mrithi wake, Bonifasi VIII, aliogopa kwamba wapinzani wangemtumia mzee huyu kuligawa Kanisa. Pietro alitoroka, akarudi Morrone, kisha akajaribu kuvuka bahari kwenda Ugiriki. Alikamatwa na kufungiwa katika ngome ya Fumone, ndani ya chumba chembamba. Alifariki humo Mei 19, 1296. Mwaka 1313 alitangazwa mtakatifu.

Mlango wa L'Aquila

Leo mabaki yake yako Collemaggio. Mbele ya basilika hiyo kuna ukuta mpana wa mawe meupe na mekundu yaliyopangwa kama mkeka. Kabla ya kujiuzulu, Celestino aliacha zawadi moja: kila mwaka, kuanzia jioni ya Agosti 28 hadi jioni ya Agosti 29, yeyote anayeingia humo akiwa ametubu na kuungama hupata rehema kamili. Enzi hizo msamaha wa namna hiyo ulihusishwa na safari za mbali na sadaka kubwa. Yeye aliuweka mlangoni pa kila mtu, bila malipo. Mwaka 2019 UNESCO iliiweka sherehe hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Aprili 6, 2009 tetemeko la ardhi liliupiga L'Aquila na kuua watu zaidi ya 300. Sehemu ya basilika iliporomoka, na wazimamoto wakayatoa mabaki ya Celestino kwenye kifusi. Wiki tatu baadaye Papa Benedikto XVI alifika na kuacha juu yake palio yake, kitambaa cha sufu ambacho Papa huvaa mabegani. Wengi waliikumbuka siku hiyo mwaka 2013, Benedikto naye alipojiuzulu. Basilika ilifunguliwa upya mwishoni mwa 2017, na mwaka 2022 Papa Fransisko alikuja mwenyewe kuufungua Mlango Mtakatifu.

Mzazi anayewapeleka watoto hapo, au anayewasimulia tu jioni, ana mambo mawili ya kuzungumza nao. La kwanza ni mtoto mkimya. Maria alikuwa na sababu zote za kumlazimisha wa 11 awe kama wengine, lakini alimwangalia alivyo na kumfungulia njia. Mtoto anayependa kukaa peke yake si lazima awe na tatizo, na upole wa Pietro haukumzuia kutembea hadi Lyon kwa ajili ya wenzake.

La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linamhusu mzazi mwenyewe. Katika nyumba nyingi baba au mama hubeba asiloliweza, iwe deni, cheo au uongozi wa ukoo, kwa kuogopa watoto wataona ameshindwa. Watoto huona tu, hata akijifungia chumbani. Pietro naye alijaribu chumba cha mbao. Kisha akatoka, akawaita wahusika, akasema wazi lililomshinda.

Jioni ya Agosti 28 foleni huwa ndefu mbele ya Collemaggio. Mabibi huwashika wajukuu mikono, na mlango ukifunguliwa wanaingia pamoja, bila kuulizwa cheo wala kulipa kiingilio.