Uso Uliopinda Si Kazi ya Mchawi

Uso wa mtu ni kama barua. Kabla hajasema neno, sisi tumekwisha kusoma: amefurahi, amechoka, ana hasira. Ndiyo sababu uso ukipinda kwa ghafula, jicho likakataa kufumba na mdomo ukavutwa upande, nyumba nzima hushtuka, na majirani huanza kumtafuta mwenye kosa. Wasomaji wapenzi, habari hii yatuhusu sisi wa Kalemie. Tangu korona ilipoingia nchini Kongo mwezi Machi 2020, imeleta mambo mengi ambayo watu hawakuyazoea, na hili ni mojawapo.

Mwaka 2021, mtaani kwetu, mama mmoja muuza ndagala alilala na homa na kikohozi karibu majuma mawili. Hata pua yake ilikufa ganzi: harufu ya samaki wake mwenyewe hakuisikia. Alipopata nafuu alirudi sokoni. Siku chache baadaye aliamka, akanywa chai, nayo ikamtoka pembeni mwa mdomo. Alipojitazama katika kioo, upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Wengine walisema ni upepo wa ziwa. Wengine walinong'ona kwamba mama mkwe wake amemroga, na kufika jioni vijana walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni pa yule bibi kizee. Wazee wa mtaa waliwafukuza. Tufikiri kidogo: ugonjwa wa mtu mmoja ulikuwa karibu kuleta msiba wa wawili.

Basi, ugonjwa huu ni nini? Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu unaoamuru nyama za paji, kope, shavu na mdomo. Mshipa huu hutoka kichwani kwa kupita katika tundu jembamba la mfupa, karibu na sikio. Ukivimba, hauna nafasi. Mfupa hausogei, nao mshipa hubanwa kama mpira wa maji uliokanyagwa. Amri haifiki tena, na uso hulegea. Charles Bell, mganga wa Uskoti, aliandika juu ya mshipa huo mwaka 1821, nao ugonjwa huitwa kwa jina lake hata leo. Kumbe ulikuwapo zamani kabla ya korona.

Je, korona yaongeza hatari? Ndiyo, lakini tusitishane. Mwaka 2021 ilichapwa Marekani hesabu ya wagonjwa wa korona 348,088. Waliopooza uso ndani ya majuma 8 walikuwa 284, yaani hata mmoja katika kila elfu hawakufika. Wako pia wanaoogopa chanjo kwa sababu walisikia kwamba yapindisha uso. Hesabu hiyohiyo yawajibu: walipolinganishwa na watu waliochanjwa, wagonjwa wa korona walipatwa na hatari hiyo karibu mara 7. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba dharura imekwisha. Lakini kirusi chenyewe hakikuondoka.

Sasa yafaa tujue la kufanya. Mtu akipindwa uso, apelekwe hospitali siku ileile. Kwanza, kwa sababu huenda ni kiharusi. Katika kiharusi, mara nyingi mgonjwa aweza bado kukunja paji la uso, lakini mkono au mguu hulegea, au maneno humchanganyikia. Ukibanwa mshipa wa uso, paji nalo hulala. Hata hivyo tusijifanye waganga. Kupambanua ni kazi ya daktari.

Pili, kwa sababu dawa ina saa zake. Iitwayo prednizoloni hupunguza uvimbe, nayo sharti ianzwe ndani ya saa 72. Waganga wa Uskoti waliijaribu, wakatangaza matokeo mwaka 2007, kabla ya korona: baada ya miezi 9, katika kila watu 100 waliopewa dawa hiyo, kama 94 walipona kabisa, katika wasiopewa, kama 82. Lakini asiinunue mtu kwa kubahatisha. Mwenye kisukari na mwenye mimba wamwambie daktari kwanza, maana dawa hiyo hupandisha sukari.

Tatu, jicho lisiloweza kufumba hukauka na kupata vidonda, na kidonda kibaya chaweza kulipofusha. Mchana litiwe matone aliyoagiza daktari; usiku lipakwe marhamu na kufungwa kwa plasta, kope zikiwa zimefumba.

Yule mama tulimpeleka hospitali siku ya pili. Nani alimfunga jicho kila usiku? Mama mkwe wake yuleyule. Majuma matatu yakapita, shavu likaanza kucheza. Siku hizi auza ndagala kama zamani, ila akicheka sana jicho lile hufumba kidogo.

Tuseme wazi: mwenye uso uliopinda hana aibu, wala hakuna wa kushtakiwa. Tusimcheke, tusimfiche nyumbani, tusimpeleke kwa mpiga ramli huku saa 72 zinapita. Tumshike mkono, tumpeleke kwa daktari. Tena mlango wa bibi kizee tuupite kwa amani.