Tulipeleka Mikate Kolo, Tukafundishwa Kuoka

Msafiri atokaye Dodoma kuelekea Babati hupita Kondoa mjini, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 25 hufika Kolo, kijiji kilichokaa kando ya barabara kuu, chini ya vilima vya Irangi. Barabara hiyo ni sehemu ya njia ndefu iliyokusudiwa tangu zama za ukoloni kuunganisha Cape Town na Cairo, na lami yake kati ya Dodoma na Babati ilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Wenyeji wa Kolo ni Warangi, na walio wengi miongoni mwao ni Waislamu, kwani dini ilifika huku pamoja na misafara ya biashara iliyopanda kutoka pwani. Kwa hiyo mgeni Muislamu hapati ugeni mkubwa: husikia adhana, hupewa salamu anayoijua, na huulizwa kama amekula kabla ya kuulizwa shida iliyomleta.

Sisi wa kamati ya msikiti tulifika huko asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi wa Shaaban. Tulikuwa tumebeba maboksi ya mikate ya dukani na tende, sadaka iliyochangwa na waumini wetu kwa ajili ya watoto wa madrasa, ili waonje wema wa Ramadhani kabla haijaingia. Tulikuwa tumefanya hivyo katika vijiji vingine miaka iliyotangulia, na kila mara tulirudi tukiwa na picha nzuri na taarifa nzuri zaidi ya kuwasomea waumini.

Safari hii tulikosea, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Mikate ilinunuliwa siku tatu kabla, ikahifadhiwa katika chumba kisichopitisha hewa, kisha ikapakiwa chini ya mizigo mingine. Tulipofungua maboksi mbele ya watoto waliokaa kwa adabu juu ya mikeka, tuliona mikate iliyobondeka na, katika boksi la pili, iliyoota ukungu. Sote twajua kwamba Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Hatukukusudia, lakini aibu haikupungua. Tuliyafunga maboksi, tukagawa tende, tukaanza kuomba radhi.

Aliyetuokoa ni mama mzazi wa ustadhi wa madrasa ile, bibi wa makamo aliyekuwa ameketi nyuma na wajukuu zake. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, msihangaike. Unga dukani upo, mafuta nyumbani yapo. Watoto watakula mkate leo hii hii." Akamtuma mjukuu mmoja dukani, naye mwenyewe akaingia jikoni kuosha sinia.

Tulisimama mlangoni tukamtazama, na tukaomba ruhusa ya kuandika vipimo ili tuwapelekee familia zetu. Alipima vikombe vinne vya unga wa ngano, kiasi cha nusu kilo. Akatia kijiko kimoja kidogo cha hamira, kijiko kimoja kidogo cha sukari, na kijiko kimoja na nusu cha chumvi. Akaongeza vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti, kisha maji vuguvugu kidogo kidogo, jumla yake kikombe kimoja na nusu hivi, hata akapata unga mlaini kuliko ule wa chapati, unaonata mkononi. Alisema kuwa hapo ndipo wengi wanapoharibu: wakiona unga unanata huongeza unga mkavu, na mkate hutoka mgumu. Dawa yake ni kupaka mafuta mikononi na kukanda kwa subira, dakika kumi bila haraka, mpaka unga uwe nyororo. Akarudia vipimo vile vile mara tatu katika masinia matatu, akafunika kwa kitambaa kibichi, akasema, "Sasa nendeni mkatembee. Huu hauna haraka."

Ndipo ustadhi alipotuchukua kwenda kuona michoro ya miambani, ambayo kwayo Kolo imejulikana duniani. Ofisi ya Mambo ya Kale ipo pale pale kijijini, na mgeni hupewa mwongozaji. Tulikwenda kwa gari kisha kwa miguu, tukapanda kwenye majabali yenye vivuli vipana, na humo tukaona watu warefu wembamba, twiga, pofu na tembo, waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na mizizi. Mahali pengine ipo michoro myeupe iliyokuja baadaye, ya wakulima na wafugaji. Mtafiti Mary Leakey aliishughulikia michoro ya eneo hili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi tuliitazama kama tunavyoagizwa kutazama athari za waliotutangulia katika ardhi, yaani kwa kuzingatia: wao pia walikuwa na watoto wa kulisha na moto wa kuulinda usizimike.

Kutoka juu ya majabali twaliona bonde kwa upana wake, mashamba ya mahindi, uwele na alizeti, na makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua. Ustadhi alitueleza yale aliyoyasikia kwa wazee. Vilima hivi vilikatwa miti na kulishwa mifugo kupita kiasi hata udongo ukawa unaondoka na maji. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wanaujua kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika sehemu iliyoharibika zaidi ya Kondoa. Lilikuwa jambo zito kwa familia zilizotegemea ng'ombe kwa maziwa na samadi. Lakini majani yalirudi, na miti ikarudi. "Ndiyo maana," alisema ustadhi, "mama akiwasha jiko hakubali mkate mmoja peke yake. Ukikata mti kwa ajili ya makaa, makaa hayo yafanye kazi mpaka mwisho."

Tuliporudi, masinia yalikuwa yamejaa. Unga ulikuwa umeumuka mara mbili ya ulivyokuwa. Mama alipaka mafuta katika sufuria pana, akaumimina unga humo bila kuukanda tena, akautandaza kwa ncha za vidole mpaka ukawa na vishimo kote. Akanyunyiza mafuta ya alizeti yakatuama katika vishimo, akatia kitunguu maji kilichokatwa vyembamba na chumvi kidogo, akauacha nusu saa nyingine. Kisha akalichukua sufuria kubwa zaidi, akatia mchanga safi chini, akaliweka jikoni hata likapata moto sawasawa, akaingiza lile dogo ndani yake, akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yalikuwa mengi, ya chini machache. Kwa dakika ishirini na tano hivi harufu ilienea uani kote, na mkate ukatoka mwekundu juu, laini ndani. Wa kwanza ulipotolewa, wa pili uliingia juu ya moto ule ule, kisha wa tatu.

Mkate wa namna hii haukuanzia Kolo wala hauishii Kolo. Waitaliano wanao ndugu yake waitao focaccia, nao huubonyeza kwa vidole na kuunywesha mafuta ya zeituni. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya meko, kwa kuwa hapo zamani uliokwa mekoni. Watu wa pwani yetu wanao mkate wa mofa, uokwao kwa unga wa mtama. Kila watu wametumia nafaka na mafuta waliyopewa na Mwenyezi Mungu katika ardhi yao. Kanda hii ya kati ya Tanzania ni nchi ya alizeti, na mafuta yanayokamuliwa huko huko hayana haja ya kusafirishwa. Ngano ndiyo yenye gharama, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje. Kwa sababu hiyo mama huchanganya kikombe kimoja cha unga wa mtama kwa vitatu vya ngano. Havuki hapo, kwa maana mtama hauna ule mnato unaoushika mkate usibomoke.

Watoto walikula wakashiba, na sisi tukala pamoja nao. Tulikumbuka kisa cha Jabir bin Abdillah (r.a.) kilichopokewa katika Sahihi Bukhari, siku za kuchimba handaki. Jabir aliona njaa katika uso wa Mtume (s.a.w.), akaenda nyumbani kwake, na mkewe hakuwa na kitu ila pishi moja ya shayiri na mbuzi mdogo. Mtume (s.a.w.) aliagiza chungu kisiteremshwe na unga usiokwe mpaka afike, kisha akaja na watu wote wa handaki, nao walikuwa elfu moja. Walikula wakashiba, na chungu bado kinachemka, na unga bado unaokwa. Muujiza ni wa Mtume (s.a.w.), wala hatuudai. Lakini tuliona kwamba baraka ile ilishuka katika nyumba, juu ya chakula cha nyumba ile, na mwanamke mwenye nyumba hakuondolewa jikoni kwake.

Wakati wa kuagana mama alitwambia neno ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. "Wanangu, Mungu awalipe. Ila mkate mnaotuletea huliwa siku moja, na kesho mtoto ananiuliza wageni watarudi lini. Mkipata tena, tuleteeni unga na hamira. Mtoto akiona mama yake ameoka, hamngoji mgeni."

Katika kikao kilichofuata jambo hili lilizua mabishano marefu. Walikuwapo waliosema kuwa mkate uliokwisha okwa huhesabika, hupigwa picha, na mchangiaji huona fedha yake ilikokwenda. Lakini unga ukishashushwa, nani ajuaye kama utaokwa au utauzwa? Tukiri ukweli: sisi tunaoshika kalamu na daftari la kamati tulikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, hata mzee mmoja akatuuliza kama mikate yenye ukungu nayo ilihesabika vizuri. Hatukuwa na jibu. Tukaamua kwamba kwa Ramadhani moja, kwa majaribio, Kolo ipelekewe unga, hamira na sufuria mbili kubwa, na akina mama wa madrasa wapangiane zamu wenyewe.

Ramadhani imepita, alhamdulillah. Akina mama walioka kwa zamu kila Alhamisi na Ijumaa, na watoto walifuturu kwa mkate wa moto. Wiki ya tatu unga uliisha kabla ya wakati. Waliokuwa na mashaka wakataka kurudia utaratibu wa zamani, mpaka ilipojulikana kuwa wapita njia wawili waliokwama na gari lao usiku walikaribishwa kufuturu na wenzao wote waliokuwamo garini. Bei ya makaa nayo bado ni mzigo, na hatujalipatia dawa. Hayo twayaandika ili ndugu zetu wa misikiti mingine wasidhani kuwa njia hii haina taabu.

Lakini kwa upande wetu hatuna nia ya kurudi kwenye maboksi. Tunawausia wenye kamati na wenye nyumba vilevile: kabla hujapeleka chakula kwa mtu, muulize ana nini jikoni kwake, kisha umletee kile kinachopungua. Na wewe mama au dada unayesoma ukurasa huu, unga nusu kilo, mafuta kidogo na subira ya saa mbili vitakutosha kuwaandalia watu wako mkate. Vipimo vya mama wa Kolo tumevileta kama alivyotupa. Ukioka, mwombee dua.

Wabillahi tawfiq.