Nyimbo za Wenyewe: Miaka ya Kukopi Hotelini Mombasa

Katika hoteli za ufukweni, kuanzia Diani hadi Malindi, usiku wa muziki miaka ya 1980 haukufungwa bila "Malaika". Bendi ingeweza kuanza na chacha wageni wakiwa bado mezani, ikaingia rumba sahani zilipoondolewa, ikapiga rege mbili tatu ili vijana wainuke. Kisha meneja alisimama karibu na baa akainua kidole, na kila mpigaji alijua maana yake. Gitaa la solo lilianza taratibu, na wageni kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza walipiga makofi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wimbo huo walikuja nao kutoka kwao.

Safari yake hadi huko ilikuwa ndefu. Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta, aliurekodi Nairobi na kundi lake la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupenda na kuupeleka kwenye majukwaa ya dunia. Mwaka 1965 ukatoka katika albamu aliyoimba pamoja na Harry Belafonte, albamu iliyoshinda tuzo ya Grammy. Mwaka 1967 ukaimbwa na Hep Stars wa Sweden, kundi ambalo mpiga kinanda wake, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Mwaka 1981 ikawa zamu ya Boney M, kundi la disko kutoka Ujerumani, na Mjerumani aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi baada ya hapo alikuwa na "Malaika" yake tayari kichwani, yenye ngoma za disko. Miaka kumi baadaye Angélique Kidjo wa Benin akauimba kwa namna yake.

Hivyo vijana wa Mombasa walikuwa wakimpigia mgeni wimbo wa nyumbani ambao yeye aliujua kwa kopi. Wengine walikuja mbele ya steji na kuomba upigwe kwa kasi ile ya Boney M, na kuna bendi zilizokubali.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa upande wa kushoto wa steji za aina hiyo, akipiga gitaa la ridhim. Aliingia kazini kama walivyoingia wengi: mpigaji mmoja alihamia bendi nyingine, pengo likatokea, kijana akaulizwa nyimbo ngapi anazijua. Hakuna aliyemuuliza ametunga nini. Hoteli haikuajiri mtunzi. Iliajiri watu waliojua nyimbo za watu, na kadiri ulivyozijua nyingi ndivyo ulivyodumu.

Kukopi wakati ule ilikuwa kazi ya masikio. Hakukuwa na karatasi ya noti, na katika bendi nyingi asingepatikana wa kuisoma. Palikuwa na redio, Sauti ya Kenya na baadaye KBC, palikuwa na santuri, na palikuwa na redio kaseti. Kila mtu alitafuta sehemu yake peke yake. Mpiga besi alikaa sikio likigusa spika, mpiga solo akarudisha kipande kilekile mpaka watu wa nyumbani wakalalamika, mwimbaji akaandika maneno katika daftari la shule, akiacha nafasi pale ambapo hakusikia vizuri ili awaulize wenzake. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu na wahudumu wakitandika meza, walikutana kuunganisha vipande.

Kaseti ilikuwa na vituko vyake. Betri zikichoka, utepe huzunguka polepole na wimbo mzima hushuka sauti. Aliyejifunza kwa betri chovu alifika mazoezini na kii yake, aliyejifunza kwa umeme na yake, na ubishi ukawaka. Ulizimwa kwa kutafuta mwenye santuri. Basi watu walivuka feri hadi mjini kwa ajili ya wimbo mmoja, wakakaa barazani kwa mzee mwenye gramafoni, wakausikiliza, wakashukuru, wakarudi kazini kabla jua halijazama.

Kwa mpiga ridhim, mtihani wenyewe ulikuwa "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitoa Simba Wanyika, kundi la ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Msikilizaji wa kawaida hubaki na sauti za waimbaji. Mpigaji humsikia Omar Shabani: ridhim isiyo na makelele, isiyojionyesha, inayokwenda bila kukatika na kupishana na besi ya Tom Malanga bila kugongana nayo hata mara moja. Vidole huishika mapema. Kazi ni kuishikilia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukimbia, huku watu wakicheza mbele yako na mpiga ngoma akitaka kwenda mbio. Kijana aliyefaulu hapo alikuwa amefundishwa na Shabani bila kuonana naye. Huo ndio uliokuwa utajiri wa kukopi: uliingia ndani ya fikra za fundi mwingine, ukajua kwa nini alinyamaza pale na kwa nini alirudia hapa.

Ng'ambo ya hoteli, katika Mji wa Kale, kukopi kulikuwa na sheria nyingine na historia ndefu zaidi. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2014, alijulikana pwani nzima kwa kuchukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Harusini watu waliitambua tuni mara moja, kwa kuwa filamu yenyewe walikuwa wameiona sinema. Walichongoja ni maneno. Na maneno hayakuweza kuwa ya ovyo: yalikuwa na vina na mizani, mengine yakiwa kazi ya malenga kama Ahmad Nassir, na mafumbo yake yalijadiliwa mitaani hata baada ya harusi kumalizika. Zein l'Abdin, bingwa wa udi kutoka Lamu, alishika njia tofauti, akijenga tuni zake juu ya miondoko ya Waswahili na Waarabu. Wapenzi wa taarab walibishana juu ya njia hizo mbili kwa miaka, na ubishi huo uliwanoa waimbaji wa pande zote.

Mwanamuziki wa hotelini aliyetoka Mji wa Kale aliubeba ubishi huo kazini. Alijua kwamba unaweza kuazima tuni ya mwenzio, mradi ulete kitu chako. Alipofika kwenye steji ya hoteli alikuta kinachotakiwa ni kinyume: usilete chochote, piga wimbo kama mgeni alivyouzoea.

Wako waliovunja ukuta huo. Them Mushrooms walikuwa bendi ya Mombasa iliyopiga hotelini kama nyingine, nyimbo za watu usiku baada ya usiku. Kisha Teddy Kalanda Harrison, mmoja wa ndugu waliounda bendi hiyo, akatunga "Jambo Bwana", wimbo mwepesi wa salamu uliotumia maneno ambayo mgeni alijifunza siku yake ya kwanza. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukabebwa nyumbani na watalii pamoja na vinyago, na mwaka 1983 Boney M wakatoa toleo lao. Safari Sound Band nao wakaurekodi. Wakopi wakawa wanakopiwa, na ndani ya muda mfupi hakuna bendi iliyopata kazi ufukweni bila kuujua wimbo wa majirani zao.

Fahari ilikuwapo, na mwandishi wa kumbukumbu hizi aliiona machoni mwa wapigaji. Lakini ushindi huo ulikuja na jambo jingine. Hoteli ziligundua kwamba nyimbo chache zinatosha. Orodha ya usiku, iliyokuwa na nyimbo za Wakenya Fundi Konde na Daudi Kabaka, Franco wa Kongo na Mbaraka Mwinshehe wa Tanzania, ikaanza kupungua. "Malaika" ikakatwa beti. "Jambo Bwana" ikapigwa wageni wanapowasili na wanapoondoka, na ikapigwa tena kando ya bwawa la kuogelea saa nne asubuhi. Mpigaji aliyetumia ujana wake kujifunza kwa sikio alijikuta akihitaji sehemu ndogo tu ya alichokijua.

Wakati huohuo, nje ya hoteli, wimbo wa zamani ulikuwa ukipata heshima mpya. Kenya ilianza kuziita nyimbo hizo zilizopendwa, redio ikazitengea vipindi, na Them Mushrooms hao hao wakaingia studio na Fundi Konde kuzirekodi upya nyimbo zake. Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa amewaburudisha askari wa Afrika Mashariki huko Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili, na alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Kwa vijana wa bendi za hoteli, kumsikia mzee mwenyewe akiimba juu ya vyombo vya wakati wao kulikuwa na uzito. Wengi walikuwa wakiipiga "Tausi" kwa miaka bila kujua kwamba mtunzi wake yuko hai.

Kisha ukaja mwezi Agosti 1997. Ghasia zilianzia Likoni, watu wakauawa na maelfu wakakimbia makazi yao, na watalii wakaacha kuja. Hoteli moja baada ya nyingine ilifunga milango au kupunguza watu, na bendi ndizo zilizotangulia kuondoka. Watu sita au saba wenye vyombo, usafiri na chakula walikuwa mzigo. Kinanda chenye ngoma na besi ndani yake hakikuwa mzigo. Wageni waliporejea kidogo kidogo walikuta kijana mmoja na kinanda, pengine na mwimbaji wa kike kando yake, na nyimbo zilezile zikitoka kwenye kitufe.

Wapigaji walitawanyika. Mmoja alikwenda Dubai kupiga hotelini huko, mwingine akarudi shambani Kaloleni, mwingine akaingia kwaya ya kanisa na kuwafundisha vijana gitaa. Wa ridhim aliingia katika uandishi. Kinanda hakikuwa adui wa mtu, na waliokipiga walikuwa na familia za kulisha kama wengine. Lakini kitu kimoja kilikatika hapo: kijana hakuwa tena na mahali pa kukaa mwaka mzima kando ya mpigaji mkubwa, akishika sehemu ndogo ya wimbo wa zamani mpaka akabidhiwe kubwa.

Kilichotokea baadaye hakikutarajiwa. Nyimbo zilirudi kupitia harusi, matanga ya wazee na usiku wa zilizopendwa katika kumbi za Nairobi na Mombasa, na waliozidai hawakuwa watalii. Walikuwa Wakenya waliokua nazo, na baada yao watoto wao. Bibi harusi mwenye miaka ishirini na kitu huomba "Sina Makosa", na ukumbi mzima huimba naye. Vijana wanaopiga siku hizi wamejifunza kwa video za simu, wakiviona vidole, wakisimamisha picha, wakipunguza kasi bila wimbo kushuka sauti. Kazi ya mwezi mzima inakwisha kwa siku mbili.

Wana faida nyingine ambayo wazee wao hawakuwa nayo: hawamwogopi meneja. Wanaichukua "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, ambayo Tremeloes wa Uingereza waliikopi mwaka 1968 na kuingia nayo kwenye chati za kwao, na wanaipunguza mwendo, wanaiongezea tarumbeta, wanaiachia nafasi katikati ambayo haikuwapo. Wakongwe wengine hukunja uso. Mwandishi wa kumbukumbu hizi hufurahi, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakidaiwa Mji wa Kale siku zote.

Kinachomkera ni utangulizi wao. Kijana hushika maikrofoni na kusema kwamba sasa watapiga "wimbo wa zamani sana", kana kwamba uliokotwa njiani. Wakati wa hoteli kosa lilikuwa lilelile. "Malaika" ilipigwa maelfu ya usiku bila jina la Fadhili William kutajwa, wala la Adam Salim, Grant Charo au Lucas Tututu, ambao wote wametajwa katika mgogoro wa muda mrefu juu ya nani hasa aliyeutunga. Wageni walidhani ni wimbo wa jadi usio na mwenyewe, na ukimya wa bendi uliwathibitishia hivyo.

Siku hizi ukimya huo una gharama inayohesabika. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Fundi Konde alifariki mwaka 2000, Fadhili William na Daudi Kabaka mwaka 2001. Kazi zao zina wenyewe hadi katikati ya karne hii, na wenyewe hao ni warithi wao. Mirabaha ya nyimbo zinazopigwa ukumbini haiwezi kuwafikia ikiwa hakuna aliyeandika kilichopigwa na nani alikitunga.

Baadhi ya bendi changa za Mombasa zimeanza kufanya hivyo. Karatasi ya usiku inayobandikwa sakafuni mbele ya mwimbaji, ambayo zamani ilikuwa na jina la wimbo na kii tu, sasa ina safu ya tatu kwa ajili ya mtunzi. Baada ya onyesho hupigwa picha kwa simu na kuhifadhiwa pamoja na risiti za ukumbi. Mwimbaji naye, kwa kuwa jina liko mbele ya macho yake, hulisoma kwa sauti kabla gitaa halijaanza.