Simu ya Upepo na Saa ya Kusikiliza

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye juu ya vilima vya Kigoma huliona ziwa la Tanganyika limejaa taa kama mji mkubwa. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri. Lakini kazi ni ile ile: dagaa huifuata nuru, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Machoni pa mgeni hayo ni mambo ya kupendeza tu. Machoni pa mama aketiye mlangoni pake huko Katonga au Ujiji, kila taa ni mtu, wala hajui ni ipi iliyo ya mumewe.

Ziwa hili si la kuchezewa. Urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake karibu mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia, ni ziwa Baikal la Urusi peke yake lilipitalo kwa kina. Upepo ukivuma kwa ghafula usiku, mawimbi huinuka, na walioko mwaloni hawana la kufanya ila kungoja kupambazuke.

Kungoja habari ni jambo la kale katika nchi hii. Daktari Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869, akiwa mgonjwa. Aliandika barua akazipeleka pwani, lakini nyingi zilipotea njiani, hata watu wengi wa Ulaya wakadhani amekwisha kufa. Stanley alipomkuta hapo Ujiji mwaka 1871, alikuwa amesafiri miezi kama minane kutoka Bagamoyo. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma, na tangu hapo habari za nchi kavu zikaenda upesi. Lakini mvuvi akisha kuondoka mwaloni, sauti yake ilikoma pale ukomapo ukelele wake. Hata simu ya mkononi, iliyo mifukoni mwa watu wengi leo, hunyamaza mtu akiwa mbali na mnara.

Kwa hiyo wako watu wanaotumia simu ya upepo. Chombo hiki hakihitaji mnara. Kimoja husema na kingine moja kwa moja kwa njia ya hewa. Asemaye hubana kitufe, na akisha kusema hutamka "ova", maana yake, "Nimemaliza, sasa sema wewe." Kisha hukiachia kitufe apate kusikia. Maadamu anakibana, hasikii neno.

Mfano wa nyumba moja ya Katonga utafaa kulieleza jambo hili. Baba alikuwa mvuvi, akivua pamoja na mwanawe wa kwanza. Nyumbani walikaa mama na binti wa darasa la sita. Na babu, aliyeacha kuvua miguu ilipomshinda, alikaa katika nyumba ndogo juu ya kilima. Siku moja, baada ya usiku wa tufani, baba na mwana walirudi saa nne ya asubuhi, na mama alikuwa amekwisha kulia hata machozi yamemkauka. Basi wakaweka akiba, wakaomba leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, kwani njia za hewani hugawanywa kwa sheria ili sauti za polisi, za meli na za ndege zisigongane. Kisha wakanunua simu mbili.

Usiku wa kwanza baba aliita kutoka ziwani mara tatu, wala hakujibiwa. Aliporudi alikasirika, akasema kwamba wameuziwa vyombo vibovu. Mama akajibu, "Mimi niliizima ili betri isiishe. Nilidhani utaita ukipatwa na hatari." Baba akamwuliza, "Nawe ungejuaje kwamba nimepatwa na hatari?" Mama akanyamaza.

Ndipo babu akasema, "Mwanangu, mmenunua midomo miwili, wala hamkununua sikio."

Maneno ya mzee huyo yana ushahidi katika historia. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli kubwa Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki. Simu yake ya upepo ilikuwa nzima, ikapeleka habari ya hatari pande zote. Meli iitwayo Californian haikuwa mbali, nayo ilikuwa na simu. Lakini mtu wake mmoja tu wa simu alikuwa amekwisha kwenda kulala. Meli nyingine, Carpathia, ilikuwa mbali zaidi, yapata kilometa 107. Mtu wake wa simu naye alikuwa karibu kulala, ila vyombo vya kusikilizia vilikuwa vingali masikioni mwake. Akasikia, akamwamsha nahodha. Carpathia ilifika karibu na saa kumi ya alfajiri, ikawaokoa watu 700 na zaidi. Wengine kama 1,500 walikwisha kufa. Mwaka 1914 wajumbe wa mataifa walikutana London, wakapatana juu ya usalama wa meli, na katika mapatano hayo waliweka zamu za kusikiliza simu usiku na mchana. Ndivyo ulimwengu ulivyojifunza, kwa gharama ya maisha ya watu, kwamba chombo kisicho na msikilizaji ni kama mlango usio na mtu ndani.

Jamaa za Katonga wakaketi chini, wakapatana upya. Kwanza, simu ya nyumbani ikahamishwa kwa babu. Sauti ya simu hizi huenda moja kwa moja kama nuru ya taa, wala haivuki mlima. Tena dunia ni mviringo. Simu mbili zikiwa kimo cha kifua cha mtu juu ya maji, hazisikilizani kupita kilometa 10 hivi, na mara nyingi ni pungufu. Lakini moja ikiwekwa juu ya kilima chenye mita 100, upeo wake waweza kupita kilometa 40, nguvu ya chombo ikitosha.

Pili, wakaweka saa: saa tatu, saa sita na saa tisa za usiku. Saa tatu ilikuwa zamu ya binti, saa sita ya mama, na saa tisa ya babu, kwa kuwa wazee hulala kidogo. Kila saa ikifika, simu ilifunguliwa kwa dakika kumi, kisha ikazimwa, na kwa njia hiyo betri ilitosha. Tena waliweka betri ya akiba iliyojaa, kama wale wanawali wenye busara katika Injili waliochukua mafuta ya taa zao.

Tatu, wakapatana maneno. Katika hatari, mtu aseme yeye ni nani, yuko wapi, amepatwa na nini, na wako watu wangapi, basi, asiongeze. Mabaharia wa mataifa wanalo neno lao, Mayday, litokanalo na Kifaransa, maana yake "nisaidie". Hulitamka mara tatu katika njia ya 16, wala si halali kulitamka kwa mzaha.

Nne, wakapatana juu ya kimya. Ziwani kusiposikika neno saa mbili zikifuatana, babu amwamshe mzee wa mwalo.

Usiku baada ya usiku hapakuwa na neno jingine ila, "Nyumbani, huku Ziwani. Tuko salama. Ova." Nako nyumbani wakajibu, "Ziwani, tumesikia. Ova." Binti akaanza kuchoka, akamwambia babu, "Babu, habari ni ile ile siku zote. Yafaa nini kuisikiliza?" Babu akamjibu, "Mjukuu wangu, omba iwe ile ile."

Usiku mmoja mama alishikwa na homa, binti akashika zamu ya saa sita. Usingizi ulimwelemea, akaosha uso kwa maji ya baridi, akafungua simu. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Akasikia sauti ya baba yake, ikikatika-katika: "Nyumbani, huku Ziwani. Mashine imekufa. Maji yanaingia. Tuko magharibi ya Bangwe, taa za mji twaziona. Watu wanne. Ova." Mikono ya binti ilitetemeka, lakini hakulia, wala hakuuliza maswali. Akabana kitufe, akasema, "Ziwani, nimesikia. Magharibi ya Bangwe, watu wanne. Twaja. Ova."

Babu akamwita mzee wa mwalo, na mitumbwi miwili yenye mashine ikatoka, taa mbele. Simu haikuzimwa tena usiku ule. Karibu na alfajiri wavuvi wote wanne wakaletwa nchi kavu, wamelowa na kuchoka, lakini wazima. Wavu ulipotea, na mtumbwi wao pia. Baba alipouliza ni nani aliyemsikia, wakamwonyesha binti yake amelala juu ya jamvi, simu mkononi.

Baba aliketi karibu naye kitambo kirefu. Kisha akamwambia mkewe, "Siku ile nilisema kwamba vyombo ni vibovu."

Wahenga walinena kwamba ahadi ni deni. Watu wengi huweza kununua chombo siku moja. Walio wachache huweza kuishika saa waliyoahidi kila usiku, hasa katika zile siku ambazo hapana neno jipya la kusikia. Jioni ile baba aliazima mtumbwi kwa ndugu yake ili akavue. Na saa tatu ilipotimia, binti alifungua simu juu ya kilima, akangoja.