Uwe Mtu Mmoja Ng'ambo Zote Mbili

Bwera, Wilaya ya Kasese

Mwanangu mpendwa,

Nyanya yako anatembea kwa fimbo lakini ulimi wake bado una nguvu zake zote, na amesema nikuambie usisahau kumletea sukari ukija.

Baba yako amenipigia simu kunieleza kwamba parishi yenu hapo mjini Kasese imekuchagua kuwa mzee wa kanisa, na papo hapo wakakukabidhi uweka hazina. Nilimshukuru Mungu, kisha nikatafuta karatasi, kwa sababu maneno ya simu huisha pamoja na salio. Mimi ni shangazi yako. Kwa desturi zetu shangazi ana ruhusa ya kusema hata yale ambayo baba huyameza kwa haya. Basi nisikilize.

Neno langu ni moja: uwe mtu mmoja.

Unaijua Mpondwe, hapa mpakani na Kongo. Mto Lhubiriha si mpana. Siku ya soko watu huvuka daraja kutwa nzima, wengine na mawese, wengine na vitenge, wengine na maharage na kahawa. Upande huu mtu huitwa Mkonzo, ng'ambo ndugu yake huitwa Mnande, na babu yao ni mmoja. Katika miaka yangu ya kuuza pale nimewaona wafanyabiashara wanaogeuka katikati ya daraja. Huku ana bei moja na jina moja. Akifika Kasindi ana bei nyingine na jina jingine, na akiona askari wa forodha anakumbuka njia ya panya. Biashara yake inaweza kwenda hivyo kwa muda. Uongozi wa kanisa hauendi hivyo hata wiki mbili, maana wanaokusikiliza Jumapili ndio hao hao wanaokuuzia nyanya Jumatatu, wanaokubeba kwa boda boda Jumanne na wanaokudai Ijumaa. Wakikutana hukulinganisha.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo ulizokabidhiwa. Matoleo usiyahesabu peke yako hata kama wenzako wamechelewa na jua limekuwa kali. Muwe watatu, mhesabu pale pale kanisani, muandike kiasi kwa maneno na kwa tarakimu, mtie sahihi, ndipo mtoke. Michango ya jengo usiipokee kwenye laini yako ya simu. Najua ni rahisi, na najua watu watakuambia wanakuamini. Lakini fedha ya kanisa ikilala pamoja na yako, asubuhi moja mtoto atarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, nawe utaikopa "mpaka Ijumaa". Kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa nimeona hivyo mara nyingi: daftari huanza kuharibika kwa mtu mwema aliyesema "nitarudisha", akarudisha mara ya kwanza, akarudisha ya pili, ya tatu akashindwa. Mwizi wa kweli ni rahisi kumtambua. Huyu mwema anayekopa bila kuomba ndiye anayelimaliza kanisa.

Mtume Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kuzibeba peke yake. Aliwaandikia Wakorintho kwamba makanisa yamechagua ndugu wengine wasafiri naye, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, wewe na mimi ni nani tuseme tunatosha? Tena mzee Samweli, alipokuwa anang'atuka, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni nani aliyenyang'anywa ng'ombe au punda naye, na ni nani aliyemlambisha rushwa. Hakuna aliyenyoosha kidole. Nakuombea siku utakayoacha kazi hii uweze kuuliza swali hilo hapo Kasese bila sauti kutetemeka.

Kuna pia bahasha. Kila uchaguzi ukikaribia, wagombea hugundua ghafla kwamba wanapenda ibada. Wanakaa kiti cha mbele, wanaomba dakika mbili za kusalimia, wanaacha bahasha. Usiwafukuze, kanisa ni la wote, na wao pia wana roho za kuokolewa. Lakini bahasha ifunguliwe mbele ya watu, ihesabiwe, iandikwe katika daftari lile lile palipoandikwa shilingi mia tano za mjane, na risiti itolewe. Kama aliileta kuwa sadaka, hatakasirika. Kama aliileta kununua kipaza sauti, atakasirika, na hapo utakuwa umejua.

Sasa nikuambie kuhusu orodha. Wewe ni wa mjini, unaujua mto Nyamwamba. Uliposhuka kwa hasira mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020 ulipoivamia hata hospitali ya Kilembe, watu waliobaki bila nyumba walikuwa wengi kuliko mablanketi. Wakati kama huo kiongozi hupewa kalamu na kuambiwa: andika majina ya wanaostahili. Mwanangu, kalamu ile ni nzito. Binamu yako atakupigia simu usiku. Mke wa rafiki yako atakuja na chai. Mjane asiyejulikana na mtu, aliyehamia juzi kufanya kibarua, hatakuja kwa sababu hajui hata kwamba kuna orodha. Ukipewa kalamu, anza kwa kumtafuta huyo. Halafu bandika orodha mlangoni mwa kanisa, kila mtu aisome. Jina la ndugu yako likiwemo kwa haki, litastahimili kusomwa.

Na orodha isiwe ya kabila. Wilaya yetu ina Wakonzo, Wasongora, Wanyabindi, Watooro, Wakiga, na wengine walioletwa hapa na shaba ya Kilembe tangu miaka ya hamsini, reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Damu ilimwagika hapo mjini kwenu tarehe 27 Novemba 2016, katika mapambano ya jeshi na watu waliokuwa kwenye kasri la ufalme wa Rwenzururu. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na wapo mayatima waliolelewa na majirani. Nyumba mbili zinazokaa benchi moja kanisani zinaweza kuwa na kumbukumbu mbili za siku ile. Wewe kama mzee wa kanisa hukuitwa kuamua kumbukumbu ipi iimbwe. Umeitwa kuhakikisha nyumba zote mbili zinapewa meza moja ya Bwana, na kwamba ukienda kwa huyu unasema maneno yale yale uliyosema kwa yule. Mzee anayelia na Wakonzo asubuhi na kuwasengenya jioni kwa Wasongora ameshalivunja kanisa, hata kama paa bado lipo.

Kuhusu msiba nitakaa kidogo, maana huku Bwera tumefundishwa na msiba. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe. Waliuawa zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi, wengine kwa moto bwenini mwao, na wengine walichukuliwa wakapelekwa upande wa Kongo. Kuna wazazi waliosubiri vipimo vya vinasaba ili wajue ni mwili upi wa mtoto wao. Katika siku zile niliona namna mbili za watu wa Mungu. Wapo waliofika na maelezo: Mungu amechukua maua yake, Mungu alikuwa na mpango, dhambi za nchi zimezidi. Na wapo waliofika na kuni, na maji, na unga wa muhogo, wakakaa chini kwenye mkeka bila kusema neno. Akina mama wenzangu wa Umoja wa Mama walipika na kuosha vyombo. Mpaka leo wafiwa wanawataja hao wa mkeka kwa majina. Wale wa maelezo wamesahaulika, na afadhali wasahaulike.

Rafiki zake Ayubu walimfaa siku saba walipokaa naye kimya. Walianza kumuumiza walipofungua vinywa. Kwa hiyo ukiingia nyumba ya msiba na moyo wako hauna jibu, usijifanye unalo. Mama akikuuliza Mungu alikuwa wapi, una ruhusa ya kusema, "Mama, sijui, lakini nimekuja kukaa nawe." Imani haipungui kwa kusema sijui. Inapungua kwa kusema uongo kwa jina la Mungu.

Hilo linanipeleka kwenye ugonjwa. Mwezi Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka. Mtoto mdogo aliyetoka Kongo na watu wake alipokelewa hospitali ya Kagando, akaletwa hapa Bwera, akafariki. Kanisani tuliacha kupeana mikono ya amani, tukanawa maji ya klorini mlangoni. Siku kama hizo zikirudi, na mtu asimame aseme mwenye imani haambukizwi, wewe mweka hazina uwe wa kwanza kununua sabuni. Kiongozi anayeficha homa yake ili aonekane ana imani anahatarisha kundi lote. Vivyo hivyo shinikizo la damu, vivyo hivyo huzuni ya moyo isiyokwisha. Kuna viongozi wanaoombea wagonjwa mchana na kumeza dawa gizani. Meza dawa zako mezani, kisha uwaombee. Watu watajifunza vyote viwili.

Nyumbani nitapita haraka, kwa kuwa mkeo ni mwanamke mwenye akili na hahitaji wakili. Nakuuliza tu: sauti unayoomba nayo kanisani, je, ndiyo unayomwitia chakula? Watoto wako wanaosikia sauti zote mbili watachagua kuamini ile ya nyumbani. Na huyo binti anayekusaidia kazi, mlipe mwisho wa mwezi kabla hujatoa fungu la kumi.

Unaweza kusema, shangazi, haya ni ya malaika. Hapana, watu wenye miguu ya udongo wameyaishi, tena katika milima hii hii. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, akaja Toro, na mwaka 1896 akavuka Rwenzori akafika Boga, ambayo leo iko Kongo. Alikemea ulevi na ndoa za wake wengi mbele ya mtawala Tabaro, bila kumpunguzia makali kwa sababu ya cheo. Alipigwa, akasingiziwa kifo cha dada yake mtawala, akaletwa Fort Portal mfungwa. Alipoachiliwa akarudi Boga ile ile. Tabaro mwenyewe baadaye akabatizwa. Baada ya mipaka ya wakoloni kuiweka Boga upande wa Wabelgiji, Apolo alirudi tena akaishi huko. Walimpa ukanoni wa Namirembe, naye akaendelea kufundisha watu kusoma na kutembea kwa miguu msituni. Alifariki Mei 1933, akazikwa Boga. Aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambako Injili ilikuwa haijafika. Upande huu wa mpaka na upande ule alikuwa Apolo yule yule.

Na Askofu Mkuu Janani Luwum unamjua, kwa kuwa kila tarehe 16 Februari nchi nzima hupumzika kwa ajili yake. Mwaka 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu. Walichokisema kanisani walikiandika Ikulu, na aliuawa kwa hilo. Sikuandikii haya ili utafute kufa. Wengi wetu hatutaombwa damu. Tutaombwa risiti, tutaombwa ukweli kwenye orodha, tutaombwa kukaa kwenye mkeka bila kuhutubia. Mtu anayeshindwa hayo madogo asijidanganye kwamba angesimama mbele ya Amin.

Utakosolewa. Wengine watasema umeleta ugumu, kwamba mweka hazina aliyepita hakuwa na madaftari mengi hivi. Wajibu kwa upole na uendelee kuandika. Usiku ukichoka, omba; asubuhi ukiwa na shaka, muulize mchungaji wako, na kama ni jambo la hesabu, muulize mtu anayejua hesabu, hata kama si Mkristo.

Mwisho, nina ombi. Usinipigie simu kunieleza kwamba umepewa nafasi ya kuhubiri. Nitafurahi, lakini si hilo ninalolingoja. Robo mwaka ikiisha, kabla mtu yeyote hajakuomba, simama mbele ya Wakristo wote uwasomee kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, kisha uwape daftari wakague wenyewe. Ukishafanya hivyo, nipigie.

Mungu wa baba zetu akulinde.

Ni mimi shangazi yako,
Bwera.