Umeme Ulipokatika

Miaka yote niliyofundisha niliwakataza wanafunzi wangu jambo moja: kufuta jibu la zamani kabla ya kuandika jipya. Sikujua kwamba uzeeni kompyuta ingekuja kunikumbusha somo hilo.

Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Dada yangu alinusurika, lakini nyumba yake ilizolewa. Mwaka uliofuata alikuja kwangu Mbulu ili mjukuu wangu, anayesomea ujenzi, amchoree nyumba ya kujenga mahali pengine.

Walikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Dada alieleza, kijana akachora kwa AutoCAD, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo mafundi wengi wanaitumia badala ya ubao na rula. Tangu msiba ule, dada hakupenda kuitaja nyumba yake. Siku hiyo alisema yote: jiko lilikaa wapi, watoto walilala wapi, mlango ulitazama wapi. Madirisha aliyataka yote upande usioona mlima. Nilikaa kimya pembeni, maana niliona kwamba hachorewi nyumba tu.

Saa kumi jioni umeme ukakatika. Kijana akashika kichwa.

"Babu, sijahifadhi hata mara moja!"

Dada akauliza kama itabidi asimulie upya. Hatukumjibu.

Umeme uliporudi usiku, programu ilifungua yenyewe dirisha la kuokoa michoro, lakini kijana kwa papara akalifunga bila kulisoma. Nikamwomba atulie, kama nilivyokuwa nikiwaomba watahiniwa. Ndipo akakumbuka aliyofundishwa chuoni. Programu ile, isipobadilishwa, huweka nakala yake ya siri kila baada ya dakika kumi za kazi. Nakala hiyo haikai pamoja na michoro mingine. Hukaa katika folda ya mafaili ya muda, na jina lake huishia na.sv$ badala ya .dwg. Akaandika amri SAVEFILEPATH, na kompyuta ikamwonyesha folda yenyewe. Faili lilikuwamo, limeandikwa dakika chache kabla ya saa kumi. Akalinakili kwanza, kisha akabadilisha mwisho wa jina la ile nakala kuwa .dwg, akaifungua. Nyumba ikatokea.

Nilimuuliza kama ni hivyo kila mara. Akanieleza jambo ambalo sijalisahau. Umeme ukikatika, au programu ikizimika ghafla, nakala ile hubaki. Lakini mtu akifunga mwenyewe, akaulizwa kama ahifadhi, naye akajibu "hapana", nakala hufutwa. Liko pia faili la .bak, lakini hilo hutunza hali ya mchoro kabla ya kuhifadhiwa mara ya mwisho. Asiyewahi kuhifadhi hana lake.

Basi mashine ile huvumilia ajali kuliko uzembe. Nikafikiri ni watu wangapi nimewaona wakipoteza, si kwa sababu ya mafuriko wala moto, bali kwa sababu walijibu "hapana" wakiwa wamechoka: barua waliyochana, mtoto waliyemfukuza nyumbani, neno walilokataa kusikiliza. Ajali huacha vipande vya kuokota. Uamuzi wetu wenyewe mara nyingi hauachi kitu.

Asubuhi dada aliukagua mchoro. Vilikosekana vitu vya mwisho tu, madirisha mawili ya sebuleni. Kijana akamuuliza ayarudishe palepale. Akafikiri kidogo.

"Moja liweke upande wa mlima," akasema. "Nimeuangalia tangu utoto. Siwezi kuugeuzia mgongo mpaka nife."

Kijana akachora dirisha lile. Kabla hajagusa kitu kingine akaupa mchoro jina la bibi yake, akauhifadhi, akaweka nakala nyingine kwenye kidude cha kuhifadhia mafaili na kumkabidhi mwenyewe. Dada akakifunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga fedha, akaenda kupanda basi la kurudi Katesh.